Magunia chumbani, mtoto ubavuni

Julai ni mwezi wa baridi Ufipa. Upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi, ukungu unalala mabondeni mpaka jua lipande, na watu wa Sumbawanga wanatoka na makoti mazito kama wanasafiri nchi za mbali. Ndio mwezi wa neema pia. Mahindi yameshavunwa, yamepukuchuliwa, yameanikwa kwenye maturubai, na sasa yanaingia ndani. Katika nyumba nyingi za vijijini, kuanzia Laela na Mpui hadi Matai na Namanyere, ghala ni chumba tu cha nyumba. Na mara nyingi chumba hicho ndicho analala mama na mtoto mchanga, kwa sababu ndicho chenye kufuli, ndicho chenye joto, na mwizi wa mahindi hathubutu kuingia palipolala mwenye nyumba.

Kabla gunia halijashonwa, mahindi hutiwa dawa. Ni unga laini, unamwagwa juu ya rundo na kugeuzwageuzwa kwa sepetu, au kwa mikono mitupu. Vumbi linapanda. Anayechanganya anakohoa kidogo, anapangusa mikono kwenye kanga, kisha anampokea mtoto aliyekuwa akilia na kumnyonyesha. Usiku magunia yanapangwa ukutani hadi karibu na dari, na kitanda kinasogezwa pembeni yake.

Tumezoea kuiogopa sumu inayoua siku ileile: aliyekunywa, aliyepulizia bila kuziba pua akaanguka shambani. Hiyo ina dalili, ina kelele, ina safari ya hospitali. Ninayoizungumzia leo haina kelele. Ni kiasi kidogo kinachovutwa na kulambwa kila siku, katika miezi ile michache ambayo ubongo wa mtoto unajengwa na homoni zake zinapangwa. Mtu mzima anaweza kulala chumba hicho miaka kumi asione kitu. Mtoto aliye tumboni, au aliye na miezi mitatu, ni habari nyingine kabisa.

Unga huo wa dawa una historia, nayo ni fupi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Chakula cha zamani cha Wafipa kilikuwa ulezi, uliolimwa kwenye ntumba, yale matuta ya duara yanayofunika majani yakaoza na kuwa mbolea. Punje ya ulezi ni ndogo mno, fukusi hapati nafasi ya kutaga na kukua ndani yake. Ulezi uliokaushwa vizuri unakaa kihengeni miaka kadhaa bila dawa yoyote. Mahindi yalichukua nafasi kubwa miaka ya 1970, serikali ilipoweka bei moja nchi nzima na mkulima wa Sumbawanga akawa analipwa sawa na aliye karibu na soko la Dar es Salaam. Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi.

Kisha akaja dumuzi, mdudu mwingine wa nafaka. Kwao ni Amerika ya Kati. Hapa nchini aligunduliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na huko wengine walimpa jina la Scania. Fukusi anakula punje. Dumuzi anaisaga, akakuachia debe la vumbi mahali palipokuwa na chakula cha miezi sita. Mahindi yaliyokuwa yakiwekwa darini juu ya moshi yakiwa na magunzi yake hayakufua dafu. Mabwana shamba wakafundisha njia mpya: pukuchua, changanya na dawa, funga kwenye gunia. Dawa iliyoenea zaidi, Actellic Super, ina sumu mbili ndani yake: pirimifosi-methili, ya ukoo wa oganofosfati, na pemethrini, ya ukoo wa pairethroidi. Iliokoa chakula cha mamilioni ya watu, na simlaumu hata mkulima mmoja aliyeitumia. Ninachosema ni kwamba mafunzo yale yalihusu mahindi. Kuhusu anayelala pembeni ya mahindi hayakusema mengi.

Mwaka 2017 kikaja kiwavijeshi vamizi, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuvamiwa. Mabomba ya kupulizia yakaongezeka vijijini. Maduka ya pembejeo yakajaza chupa, baadhi zikiwa na klopairifosi, ndugu wa karibu wa ile ya kwenye mahindi. Bomba nalo likaja kulala ndani, kwa sababu ni mali.

Oganofosfati huua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu. Mwilini kuna kemikali iitwayo asetilikolini inayopeleka ujumbe kutoka neva moja hadi nyingine, na kuna kimeng'enya kinachoifuta mara tu ujumbe unapofika. Sumu inakifunga kimeng'enya hicho. Ujumbe haufutiki, neva zinaendelea kupiga kelele mpaka mdudu anakufa. Binadamu tuna mfumo uleule, tofauti ni kipimo tu. Lakini kwa mtoto aliye tumboni asetilikolini ina kazi ya pili: inaziongoza seli changa za ubongo, wapi ziende, lini zigawanyike, lini zitulie. Ukiivuruga hapo umeingilia ujenzi wenyewe. Na kichanga hana silaha ya kujikinga. Huko Salinas, bonde la mboga na matunda jimboni California, watafiti wakiongozwa na Brenda Eskenazi walipima kimeng'enya cha damu kinachosaidia kuvunja sumu hizi, wakakuta mtoto anapozaliwa anacho karibu robo tu ya alicho nacho mama yake.

Utafiti huo wa Salinas umewafuata watoto hao tangu wakiwa tumboni mwaka 1999 na 2000. Mama zao walikuwa vibarua wa mashambani na wake wa vibarua. Watoto walipofika miaka 7 walipimwa akili. Wale ambao mikojo ya mama zao wakati wa ujauzito ilionyesha mabaki mengi zaidi ya oganofosfati walikuwa nyuma kwa pointi 7 hivi kuliko wale ambao mama zao walikuwa na mabaki machache zaidi. Pointi 7 hazimfanyi mtoto kuwa mgonjwa, na hakuna daktari atakayeziona kwa macho. Ila zigawe kwa darasa zima, kwa kata nzima, ndipo utajua tunazungumzia nini.

Jijini New York sumu haikutoka shambani. Klopairifosi ilipuliziwa ndani ya nyumba za kupanga kuua mende, mpaka matumizi hayo ya majumbani yalipokomeshwa Marekani mwaka 2001. Chuo Kikuu cha Columbia kilipima damu ya kitovu ya watoto waliozaliwa katika nyumba hizo, kikaona akili na kumbukumbu zikishuka kadiri sumu ilivyozidi. Mwaka 2012 watafiti wakatoa picha za ubongo za watoto 40 miongoni mwao, na maumbo ya baadhi ya sehemu za ubongo yalikuwa yamebadilika kwa walioguswa zaidi. Habari hiyo ya New York naiona karibu na Ufipa kuliko ya California. Inahusu chumba kilichofungwa.

Tuje kwenye homoni, na hapa sina haja ya kwenda mbali. Wazee wa nyanda za juu wanalikumbuka rovu. Bibi mwenye uvimbe shingoni hakuwa kitu cha kushangaza, kwa kuwa udongo wa milimani umeoshwa na mvua ukabaki na madini joto kidogo. Tezi ya shingo inahitaji madini hayo kutengeneza homoni yake. Yakikosekana inavimba kwa kujitahidi. Watu wengi hukiona kivimbe wakadhani tatizo limeishia hapo. Kumbe homoni hiyo ndiyo inayoamrisha ubongo wa mtoto kukua, na kwa miezi ya kwanza ya ujauzito mtoto hana tezi inayofanya kazi. Anaitegemea ya mama yake moja kwa moja. Mama akipungukiwa, mtoto anapungukiwa hata kabla mama hajajua vizuri kuwa ana mimba.

Kuanzia 1986 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya 25 zilizokuwa na rovu kwa wingi, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea madukani. Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha hesabu zao: watoto ambao mama zao walipata kinga hiyo wakiwa wajawazito walikwenda mbele shuleni kwa zaidi ya theluthi ya mwaka, na wasichana walinufaika zaidi. Wengine waliozirudia hesabu hizo baadaye walisema tofauti hiyo ni dhaifu kuliko ilivyodaiwa, na ubishi huo ni halali. Jambo la msingi halibishaniwi popote: homoni ya tezi ikipungua mimbani, ubongo unalipa.

Sasa fikiri juu ya dawa ya ukungu. Mkulima wa nyanya au viazi mviringo anaijua mankozebu, ule unga wa njano unaokorogwa kwenye ndoo mvua zinapozidi. Ikivunjika, mwilini au hata kwenye chungu cha mboga jikoni, hutoa kitu kinachoitwa ETU, ambacho kinakizuia kimeng'enya kilekile kinachoingiza madini joto kwenye homoni ya tezi. Yaani inafanya kazi ileile iliyofanywa na upungufu wa madini joto, kwa kupitia mlango mwingine. Wilayani Matina, Costa Rica, ambako ndege hupulizia mankozebu kwenye migomba, watafiti waliwafuata wajawazito 451 na kukuta ETU nyingi zaidi kwenye mikojo ya walioishi karibu na mashamba. Umoja wa Ulaya uliamua mwishoni mwa 2020 kutoiongezea kibali, na madhara kwa homoni na kwa uzazi yalikuwa miongoni mwa sababu. Kwa mwanamke wa mlimani ambaye chumvi ya nyumbani kwake haina madini joto ya kutosha, tezi yake inabanwa pande mbili kwa wakati mmoja.

Homoni za uzazi nazo zina msimu wake utotoni. Mtoto wa kiume, kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu baada ya kuzaliwa, hupitia kitu ambacho naweza kukiita balehe ndogo: testosteroni inapanda karibu kufikia ya kijana, kisha inalala hadi balehe yenyewe. Nchini Denmark watafiti waliwafuata wanawake zaidi ya 100 waliofanya kazi kwenye mabanda ya kilimo wakiwa wajawazito. Watoto wa kiume wa wale waliogusa viuatilifu, walipopimwa wakiwa na miezi mitatu, walikuwa na testosteroni ndogo na korodani ndogo kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa 2008. Wanawake hao walikuwa wanalindwa na sheria kali za kazi.

Lakini utafiti ninaourudia mara kwa mara kichwani ni wa Mexico. Katika bonde la Yaqui, jimbo la Sonora, wakulima wa bondeni walianza kutumia viuatilifu kwa wingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Ndugu zao wa vilimani, damu moja, lugha moja, chakula kilekile, waliendelea kufuga na kulima bila dawa. Mwaka 1998 Elizabeth Guillette na wenzake walichapisha walichokiona kwa watoto wa miaka minne na mitano wa pande zote mbili. Waliwapa penseli, wakawaambia wachore mtu. Wa vilimani walichora kichwa, macho, mikono, miguu. Wa bondeni wengi walichora mistari iliyotawanyika ambayo huwezi kuipa jina. Walikuwa wazito pia kudaka mpira na kukumbuka walichoahidiwa nusu saa iliyopita. Ulikuwa utafiti mdogo, watoto wasiofika 60. Hata hivyo mtu aliyewahi kusimama ukingoni mwa Ufipa, pale barabara inapoporomoka kwenda Muze na bonde la Rukwa linapofunguka chini kama ramani, hawezi kuusoma bila kufikiri juu ya watoto wa juu na watoto wa chini.

Na kuna jambo moja katika utafiti huo linalotugusa sisi hasa. Kwa urefu na uzito, watoto wa makundi yote mawili walikuwa sawa.

Rukwa inajulikana kitaifa kwa fimbo ya kupimia urefu. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta watoto 49.8 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani hapa wamedumaa, katika mkoa unaolisha mikoa mingine na unaojaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Sisemi kwamba udumavu huo umeletwa na dawa za mahindi. Una sababu zake zinazojulikana: uji mtupu, magonjwa ya kuhara, mama kufanya kazi ngumu hadi siku ya kujifungua, mtoto kuachwa na dada yake mdogo wakati wa palizi. Ninachosema ni kwamba tumeweka macho yetu yote kwenye fimbo, na kuna dhara ambalo fimbo haiwezi kulionyesha. Mtoto aliyedumaa tayari ana deni kwenye ubongo. Kumuongezea la pili ni dhuluma.

Lazima niwe mkweli kuhusu uzito wa ushahidi. Tafiti hizi zinaonyesha uhusiano, na umaskini hujichanganya nao kila mahali. Huko Limpopo, Afrika Kusini, watafiti waliwaandikisha watoto 752 waliozaliwa 2012 na 2013 katika vijiji ambako kuta hupuliziwa DDT na pairethroidi dhidi ya malaria. Mama waliokuwa na mabaki mengi ya baadhi ya pairethroidi walikuwa na watoto waliochelewa kidogo katika lugha na katika kuchangamana na watu. Walipopima homoni za tezi za vichanga, athari ilitofautiana kati ya wa kiume na wa kike, na umaskini wa nyumba ulibadilisha picha. Sayansi ya namna hii haitoi hukumu kwa siku moja. Inaelekeza kidole upande mmoja, kwa zaidi ya miaka 25 sasa, kutoka nchi tofauti kabisa.

Kwa hiyo chandarua kibaki juu ya kitanda. Dawa iliyomo kwenye nyuzi zake ni kidogo na imeshikamana. Malaria ya bonde la Rukwa inaua mtoto wiki hii. Na kunyonyesha kuendelee. Mabaki ya DDT yamepatikana kwenye maziwa ya akina mama wa Arusha, na yatapatikana kwa karibu kila mwanamke duniani akipimwa kwa chombo kizuri, lakini hakuna chakula kinachokaribia maziwa ya mama kwa kuujenga ubongo huohuo. Anayemwambia mama wa Kaengesa aache kunyonyesha kwa kuogopa sumu anamtendea ubaya mkubwa.

Kinachobadilika ni chumba. Magunia yahamie chumba kingine, hata kama ni stoo ya udongo iliyojengwa ubavuni mwa nyumba ikapewa mlango na kufuli. Mjamzito na anayenyonyesha wasichanganye dawa kabisa. Kazi hiyo ifanywe na baba, nje, akiupa upepo mgongo, na nguo zake zifuliwe peke yazo, wala asiachiwe mkewe azifue pamoja na nepi. Bomba lisilale chini ya kitanda. Kopo la dawa lisigeuzwe la kuchotea maji. Maharage yaliyotiwa dawa yaoshwe mara kadhaa na maji ya kwanza yamwagwe. Na ile tabia ya kunyunyiza dawa ya shamba kitandani kuua kunguni, ambayo si ngeni katika nchi hii, iishe; mtoto anatia mdomoni kila anachokigusa.

Ipo pia njia ya kuachana na unga wenyewe. Mfuko wa PICS una matabaka matatu, mawili ya plastiki ndani na moja la nje la kawaida. Mahindi yakikaushwa barabara na mifuko ikafungwa moja baada ya nyingine, wadudu waliomo wanaimaliza hewa, wanaacha kula, wanakufa. Hakuna sumu. Mfuko ni ghali kuliko kiroba, hilo najua, na panya akiutoboa kazi imeharibika. Lakini ukitunzwa unatumika zaidi ya msimu mmoja, na familia inayoweza kununua mitatu tu inaweza kuweka humo mahindi ya kula, ikayatia dawa yale yanayosubiri mnunuzi.

Anayedhani Rukwa haiwezi kuachana na sumu akumbuke nzige wekundu. Bonde hili ni moja ya mazalia yao makuu Afrika. Makundi yaliyotoka humu na kwenye vinamasi vya Mweru wa Ntipa, Zambia, yalifunika sehemu kubwa ya kusini mwa bara miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kuanzia 1949 kukawa na shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo ya mpaka tu. Kwa miongo mingi dawa zilimwagwa kutoka angani. Mwaka 2009 makundi yalipoibuka tena Rukwa, Katavi na Malagarasi, ndege zilinyunyiza kuvu aitwaye Metarhizium, anayeua nzige na kuwaacha samaki, ndege na watu. FAO ilitangaza kuwa ilikuwa mara ya kwanza Afrika kutumia njia ya kibayolojia dhidi ya nzige kwa ukubwa ule. Ilifanyika hapa, chini ya ukingo wetu.

Sheria nayo imesogea. Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 ilianzisha mamlaka moja ya afya ya mimea na viuatilifu, yenye makao Ngaramtoni, Arusha. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, Tanzania ikiwemo, zilikubali kuiingiza klopairifosi kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, kukiwa na misamaha kwa baadhi ya matumizi. Misamaha hiyo ndiyo ya kuifuatilia, maana dawa iliyokataliwa Ulaya tangu 2020 hutafuta pa kwenda, na duka la mwisho wa barabara ya vumbi halijui mikutano ya Geneva.

Mjamzito anapofika kliniki Sumbawanga anaulizwa mengi ya maana: ana chandarua, amemeza vidonge vya kuongeza damu, amepima, mwenzi wake yuko wapi. Ningependa muuguzi amuulize na hili: mahindi yenu yanalala wapi? Halihitaji chombo wala bajeti, na jibu lake linaweza kubadilishwa na watu wawili kwa mchana mmoja. Mavuno yanaanza Juni. Kati ya kuvuna na kushona gunia la kwanza zipo wiki mbili, tatu, mahindi yakiwa bado juani uwanjani, na vyumba vyote vya nyumba viko vitupu.